Shajara ya tamasha la wavuvi, mashariki ya Pemba

Mfungo Mosi (mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani), mwezi 20

Kikao cha kwanza cha kamati kimekaa leo baada ya isha, kwenye banda la kuundia vyombo. Mvua ya masika ilikuwa inapiga makuti hata tukawa tunasemezana kwa sauti za juu. Ukatibu nimepewa mimi kwa kuwa nina daftari na simu inayokaa na chaji, basi kumbukumbu zote zitapita hapa.

Azma ni siku mbili za tamasha la uvuvi na masimulizi, la wenyeji kwanza, wageni baadaye. Kijiji chetu ni jirani wa Kojani, na kama ilivyo Kojani kwenyewe, hapa huingii nyumba ukakosa mtu aliyewahi kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali. Watu wametoka pwani hii wakapiga kambi Vanga, Shimoni, Mayungu huko Malindi. Wengine wamekwenda Tanga, wengine Mafia. Wanakaa miezi, na wako waliooa huko huko wakarudi na watoto wanaosema Kimvita. Habari hizo zimo vichwani mwa wazee, na wazee wanapungua.

Kilichotuchelewesha kulala ni tarehe. Mfuko mmoja wa utamaduni umekubali kutuchangia, lakini unataka Jumamosi ya mwisho wa Septemba, ndiyo inayowafaa wakubwa wao. Nahodha mmoja mzee aliisikiliza barua mpaka mwisho, akauliza, "Hiyo Jumamosi maji yake yakoje?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Hesabu yake yeye ni hii. Vijana wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza. Zamani ilikuwa kwa karabai, siku hizi ni taa za betri na jenereta, lakini mambo ni yale yale: mbalamwezi ikitanda dagaa hawafuati taa, na vyombo vinakaa pwani. Kwa hivyo mwezi mpevu ndio wakati wa kuwapata vijana nyumbani. Na mwezi mpevu ni bamvua. Kwetu maji ya bamvua yanakupwa sana mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, yanajaa saa 10 au saa 11 jioni, na baina ya kupwa na kujaa ni karibu mita 4. Asubuhi mwamba uko wazi kwa kina mama wa pweza. Jioni maji yamefika juu, ngalawa zinaelea bila kusukumwa. Usiku mwezi unawaka bure, jenereta haihitajiki.

Akachagua na mwezi wenyewe: Mfungo Saba, ambao mwaka huu unaangukia Oktoba. Kusi itakuwa imelegea, kaskazi haijaingia, na watu wa dago watakuwa bado hawajaondoka. Mabamvua ya karibu na Septemba na Machi ndiyo makubwa kuliko yote, hilo kila mvuvi analijua.

Bi mmoja wa pweza alipinga, na alikuwa na haki. "Bamvua ndiyo mshahara wangu. Nyinyi mnanitaka nikae kitako nipigiwe makofi?" Tumekubaliana kwamba kina mama watakwenda mwambani kama kawaida yao, wauze kama kawaida yao, na anayetaka kuona afuate nyuma yao. Tarehe imepitishwa: mwezi 14 na 15 Mfungo Saba, sawa na Jumanne na Jumatano. Nimeuandikia mfuko. Watakasirika kidogo.

Kabla hatujafunga, kina mama wa kamba wamesema kama tunataka kuonyesha usokotaji, makumbi ya nazi yafukiwe sasa hivi, vinginevyo Mfungo Saba itafika hayajaoza. Wiki hii yanafukiwa.

Mfungo Pili, mwezi 4

Makumbi yameshafukiwa kwenye tope, kwa mawe juu yasichukuliwe na maji. Sheha amepata barua. Mfuko umejibu: wamekubali Jumanne, kwa masharti ya picha nyingi.

Mfungo Pili, mwezi 19

Kazi ya kusikiliza wazee imeanza, na hapa ndipo mradi umebadilika sura.

Kikao cha mwanzo kilifanyika skulini kwa mapendekezo ya mfuko. Viti vya plastiki, kipaza sauti, bango. Wazee walivaa kanzu zao za Ijumaa, wakasimama mmoja mmoja, na kila mmoja akatoa hotuba: uvuvi ni kazi ya heshima, vijana washike adabu, tunaishukuru kamati. Mzee ambaye akiwa bandani hucheka mwenyewe kabla hajafika nusu ya kisa, pale mbele ya kipaza alisema maneno yasiyofika dakika mbili akakaa.

Siku ya pili yake nilipita bandani asubuhi. Mzee yule yule alikuwa ameketi mchangani, jarife limefunikwa magotini, ncha moja ameibana kwa kidole gumba cha mguu ili uzi ukaze. Anashona tundu lililokatwa na kaa. Kando yake wajukuu wawili wanamtilia uzi sindanoni. Nikamwamkia, akaitikia, na bila mimi kuuliza chochote akaanza kisa cha kurudi dago.

Walitoka Malindi jioni kwa mashua, wakakusudia kuja nyumbani. Usiku upepo ukafa. Mkondo ukawachukua, na mawingu yamefunga, hakuna nyota. Vijana wakaanza kubishana: mmoja anaapa ameshauona mnara wa taa wa Kigomasha, kaskazini ya Pemba, mwengine anasema ile ni taa ya wavuvi. Nahodha wao hakusema neno. Alichukua bildi, risasi ya kupimia kina, akaipaka shahamu chini, akaishusha. Ilipopanda akaisogeza kwenye taa. Haikuwa na mchanga mweupe; ilikuwa imenasa tope jekundu. Akaionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema, "Hii ni Sabaki. Laleni." Mto Sabaki unamwaga tope lake kaskazini ya Malindi. Maana yake usiku kucha walikuwa wanarudi nyuma, na yule aliyeiona Kigomasha aliitwa Kigomasha mpaka siku ya kufa kwake.

Kisa chenyewe kilichukua muda wa kushona matundu manne, na kila mara uzi ulipokatika naye alikatisha, akaanza upya kwa neno lile lile. Mjukuu alipomsogezea simu mdomoni arekodi, mzee alinyamaza, akaitazama simu kama anayetazama nge. Simu ikawekwa ndani ya pakacha juu ya rundo la nyavu, hatua tatu kutoka kwake, naye akaendelea.

Nimeipeleka hoja kwenye kamati usiku huo huo: jukwaa tulifute. Kila msimuliaji awe na kazi yake mkononi. Mwenye nyavu ashone nyavu, mwenye dema asuke dema lake la kutegea samaki, kina mama wasokote kamba, fundi azibe viungo vya chombo kwa kalafati, na watu wazunguke kutoka kituo hadi kituo. Fedha za jukwaa ziende kwenye chakula. Wazee walipitisha haraka mno. Nadhani wote walikuwa wanaogopa kipaza.

Bibi wa ngano amekataa habari ya kituo. Yeye ngano zake ni za usiku na ni za watoto, mtu mzima anayetaka asikilize kwa pembeni. "Mchana wa kazi, mwanangu. Paukwa ya mchana nani atakuitikia pakawa?" Amewekwa usiku.

Mfungo Tatu, mwezi 22

Mwezi huu hakuna kikubwa. Idi imepita, kusi inavuma, nusu ya kamati hawaonekani. Mzee mmoja kutoka Wesha ameahidi kuja kusimulia kisiwa cha Misali: jinsi Nabii Khidhri alivyofika pale, akakosa msala wa kusalia, kisha akaona kisiwa chenyewe kimekaa kwa kuelekea kibla, akasali juu yake. Kisa hicho kila Mpemba anakijua kwa namna yake, lakini huyu amevua Misali tangu kabla haijawekwa hifadhi mwaka 1998, na anaweza kukuonyesha kwa kidole walikokuwa wakilala wavuvi na wasikotakiwa kutupa taka hata zamani hizo. Nauli yake imeingia kwenye bajeti.

Mfungo Nne, mwezi 27

Wiki ya Nairuzi, mwaka mpya wa kienyeji. Huko Unguja watu wa Makunduchi wanakoga mwaka. Hapa kwetu hakuna sherehe, lakini manahodha wameanza hesabu mpya. Wanahesabu miongo, siku kumi kumi, na mtu wa miaka sabini anaweza kukwambia tuko mwongo wa ngapi haraka kuliko mimi kukwambia tarehe. Mwalimu mmoja ameomba kituo cha miongo kwa watoto wa skuli. Nimekubali, kwa sharti kiwe karibu na kituo cha dema, kwa sababu msukaji wa madema ndiye anayeijua hesabu hiyo kuliko wote, na hatasogea kwenda kufundisha mahali pengine.

Sasa mgogoro wa ramani.

Watoto wa darasa la sita walikuwa wanachora ramani kubwa ya bahari yetu juu ya kitambaa cha tanga kuukuu. Wazo zuri sana. Kila mwamba, kila mlango wa bahari, kila fungu lina jina, na kila jina lina kisa. Uko mwamba wenye jina la mwanamke aliyeshikwa na maji akiokota kombe, na uko mlango unaoitwa kwa jina la chombo kilichovunjika pale. Watoto walizunguka nyumba kwa nyumba wakarudi na majina mengi ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyasikia.

Juzi wavuvi wa mshipi wakaja bandani wamenuna. Hawana tatizo na majina. Tatizo ni kwamba mtoto mmoja, mwerevu kupita kiasi, alimhoji babu yake akaandika na alama: mnazi fulani ukae juu ya paa la msikiti, na upande wa pili ncha ya mikoko iguse kilima, hapo tia nanga. Hiyo ni siri ya babu, aliachiwa na baba yake, na pale chini wako samaki wa changu wanaowalisha watu wa nyumba ile. Ukiiweka kwenye kitambaa cha kutundikwa mbele ya wageni, mwezi ujao utaziona boti za wavu kutoka mbali zimepanga foleni.

Mwalimu alitetea kwamba elimu isifichwe. Mzee wa mshipi akamjibu kwa upole, "Mwalimu, wewe mshahara wako unausoma kwenye redio?"

Uamuzi: majina yote yabaki, visa vyote vibaki, alama zifutwe. Miamba imechorwa bila vipimo wala mwelekeo, hivi kwamba anayeijua bahari ataitambua na asiyeijua hatafika popote kwa ramani ile. Babu amemruhusu mjukuu kuandika alama kwenye daftari lake mwenyewe, liwekwe nyumbani. Kwangu mimi huo ndio ushindi mkubwa wa mradi mpaka leo, maana kabla ya hapo babu alikuwa hajamwambia mtu.

Mfungo Tano, mwezi 11

Kikao kirefu kuliko vyote. Ajenda: zana zilizopigwa marufuku.

Tunaposema urithi wa uvuvi tunakimbilia vizuri: ngalawa iliyochongwa kwa mwembe, dema lililosukwa kwa mianzi, uzio wa vijiti. Lakini wazee walipoulizwa walivyovua ujanani, walitaja na juya, na kigumi, na utupa. Juya linaburuta kila kitu mpaka vifaranga. Kigumi ni kupiga matumbawe kwa miti ili samaki watoke wakimbilie nyavuni. Utupa ni mmea wa sumu, unatwangwa, unatiwa kwenye madimbwi ya mwamba, samaki wanaelea. Zote zimekatazwa na sheria za uvuvi, na kamati yetu ya wavuvi ya shehia ndiyo inayozikamata.

Mjumbe mmoja kijana alitaka zisitajwe kabisa. Alisema mgeni akisikia ataondoka na picha kwamba Wapemba wanaharibu bahari. Nahodha mzee naye alitaka wamshushie majini mfano wa kigumi, watu waone, kisha wapandishe. Afisa wa uvuvi, aliyekuja kama mgeni, alisema kwa kifupi kwamba zana haramu ikionekana majini ataichukua, tamasha au si tamasha.

Aliyetutoa hapo ni mzee aliyewahi kwenda kigumi mwenyewe. Alisema atasimulia, na atasimulia mpaka mwisho: jinsi walivyopata samaki wa kujaza dau mara ya kwanza, na jinsi walivyorudi mwamba ule ule miaka ya baadaye wakakuta mawe matupu, wakalazimika kwenda mbali zaidi kila msimu. Kwa maelezo yake, safari za dago za rika lake zilizidi kwa sababu hiyo. Sikuwahi kusikia mtu akiliunganisha dago na kigumi namna hiyo. Kamati imempa kituo chake. Hatashika kitu mkononi isipokuwa upondo mkavu.

Jambo jengine: kampuni moja imejitolea kununua vitambaa vya matanga kwa ngalawa zote za resi ya jioni ya tamasha, ikiwa matanga yatakuwa na rangi na nembo yake. Manahodha wamekataa. Tanga ndilo linalomtambulisha mtu akiwa mbali. Mke akiwa pwani anajua nani anarudi kwa kiraka chake. Tumewapa kampuni ukuta wa ghala la samaki watundike bango lao. Wamesema watafikiria.

Mfungo Sita, mwezi 17

Leo ni tarehe 10 Septemba. Siku kama hii mwaka 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kuja Pemba. Si kijiji kinachohitaji kukumbushwa. Hapakuwa na kikao. Kulikuwa na hitima msikitini, na mimi naandika haya kwa sababu mbili tu za kazi. Ya kwanza, tamasha litakuwa na dua ya waliochukuliwa na bahari, wote, bila ya kusoma majina. Ya pili, hakuna atakayeombwa kusimulia usiku ule. Anayetaka mwenyewe, hatazuiliwa. Simu za kurekodi zitakuwa zimezimwa wakati wa dua.

Mfungo Sita, mwezi 24

Vibali vimekamilika: Baraza la Sanaa, sheha, polisi. KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wameahidi boti moja ya kusimama karibu na resi. Kwenye barua zote nimeandika tarehe za Kizungu, 7 na 8 Oktoba, kwa sababu mwandamo ukitofautiana kwa siku moja bahari haitaungoja.

Makumbi yamefukuliwa leo. Harufu yake ni ya tope bovu, inashika nguo mpaka kesho yake, na watoto wote wa kijiji walikuwepo wameziba pua. Kina mama wameketi kwenye maji ya magoti wakiyapiga kwa virungu juu ya mawe. Ganda laini linatoka, unabaki usumba wa rangi ya dhahabu. Unaoshwa, unaanikwa, ukikauka unasokotwa kwa viganja juu ya paja, nyuzi mbili mbili, na kamba inatambaa nyuma ya mtu mpaka inafika mlangoni kwa jirani.

Bi mkubwa wa kundi hilo alimwambia mwanafunzi aliyekuwa anarekodi kwamba kamba za namna hii ndizo zilizoshona mitepe, vyombo visivyokuwa na msumari hata mmoja. Mwanafunzi akauliza yuko wapi mtepe wa kuutazama. Mfano mmoja uliundwa mwaka 2003 ukawekwa Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe, lakini sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020. Bi mkubwa alifikiri kidogo. "Basi hata wa kuigiza hamna," akasema, akaendelea kupiga.

Zawadi ya resi imeamuliwa pale pale: gombo la kamba ya usumba na kitambaa cha tanga jipya, kisicho na nembo. Kampuni bado haijajibu habari ya ukuta.

Mfungo Saba, mwezi 12

Haraka haraka. Mchele umefika. Maji ya kunywa yamefika. Mzee wa Wesha amefika na amelala kwangu. Vijana wa dagaa wamepandisha vyombo jana. Ngalawa 11 zimejiandikisha. Upepo wa jioni ni mzuri.

Mfungo Saba, mwezi 14 na 15

Naandika siku zote mbili pamoja kwa kuwa sikulala baina yake.

Asubuhi mwambani. Saa 4 maji yalikuwa yamekwenda mbali, na wageni pamoja na watoto wa skuli walikuwa wameshajipanga nyuma ya kina mama. Bi yule aliyepinga tarehe ndiye aliyegeuka kuwa mwalimu wa siku. Alisimama mbele ya tundu ambalo mimi ningelipita, akaonyesha kwa nondo yake: maganda ya kaa na kombe yamerundikwa mdomoni, na vijiwe vimevutwa kuziba. "Huyu ana nyumba safi. Taka anatupa mlangoni, ndizo zinazomponza." Akachokoa taratibu, pweza akashika nondo, akamvuta, akampindua kichwa. Wa pili aliyempata alikuwa mdogo, akamrudisha. Mtoto akamuuliza kwa nini, akamweleza habari ya Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, ambako wanafunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, kisha wanafungua wote kwa pamoja. Pweza hukua upesi, uzito wake unapanda kila mwezi. Ukimwacha kidogo unamkuta amekuwa wa bei nyengine. Hapa kwetu jambo hilo limezungumzwa sana na halijafanyika.

Kasoro ya asubuhi: wageni walikanyaga ovyo. Viatu vyao vilivunja matumbawe na kuziba matundu, na kina mama wawili walirudi na pweza pungufu ya kawaida yao. Kamati imewafidia.

Adhuhuri vituo vilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Kituo cha kigumi kilijaa watu waliosimama kimya, na yule mjumbe kijana aliyetaka kisiwepo alikuwa mbele kabisa. Fundi wa kalafati hakusimulia chochote. Alipiga pamba na sifa, yale mafuta ya samaki, kwenye viungo vya mashua kwa saa mbili, akiulizwa anajibu "naam" au "la". Watu walimpenda vile vile.

Jioni resi. Mgeni rasmi alikuwa bado anasoma hotuba maji yalipofikia kujaa kamili. Manahodha wakatazamana, mmoja akavuta tanga, na kabla ya ukurasa wa tatu ngalawa zote zilikuwa zimeondoka. Mgeni rasmi, kwa haki yake, alikunja karatasi akacheka, akaja kusimama ukingoni na sisi.

Mashindano yote yalikuwa kwenye boya la nje. Kwenda, upepo ulisaidia na kila mtu alikimbia. Kurudi ilibidi kubisha, kwenda upande upande dhidi ya upepo, na hapo ndipo mikono ya kazi ilipojitenga na mikono ya sherehe. Baharia wanapanda mrengu wa joshi, ule wa upande wa upepo, miili yote nje ya chombo, mwenye shikio, yaani usukani, anangoja, anangoja, kisha anapiga kelele moja na wote wanavuka upande wa pili huku tanga linapita juu ya vichwa vyao. Ngalawa mbili zilipinduka. KMKM waliwasogelea, lakini wenyewe walishaziinua wanafua maji. Aliyefika mbele ana tanga la viraka vya magunia. Wa pili alilalamika kwamba yule alipita boya kwa ndani. Wazee watatu walikaa nusu saa, wakaamua tanga liende kwa wa kwanza na kamba kwa wa pili. Hakuna aliyeridhika, kwa hiyo nadhani uamuzi ulikuwa wa haki.

Usiku, baada ya isha, dua. Kisha bibi wa ngano. Alikaa juu ya mkeka, watoto wakamzunguka, akasema "Paukwa!" na pwani nzima ikaitika "Pakawa!", pamoja na wale vijana wa dagaa waliokuwa wanajifanya wamekuja kwa ajili ya chakula tu. Alitoa ngano tatu. Ya pili ilikuwa ya papa na kasa, na katikati yake alisahau jina la mfalme, mtoto mmoja akamkumbusha. Ana ngano hiyo hiyo kutoka kwa nyanya yake, na kwa nyanya yake mfalme anashindwa. Bibi akauliza, "Nani kakwambia anashindwa?" Wakabishana mbele ya watu wote, na kwa nilivyoona mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya siku zote mbili.

Siku ya pili, mzee wa Wesha alisimulia Misali huku anatia chambo, na mzee wa tope la Sabaki alisimulia kisa chake kwa wajukuu wa aliyeitwa Kigomasha. Walikuwa hawajui jina hilo la babu yao lilitoka wapi.

Mfungo Saba, mwezi 21

Hesabu zimefungwa. Tumebaki na kidogo, na kina mama wameomba kidogo hicho kinunue ndoo na mizani yao wenyewe ya kupimia pweza. Imepita bila mjadala.

Mambo yaliyobaki wazi: mwakani asubuhi ya mwambani iwe ya watoto wa skuli peke yao, miguu mitupu, wageni wabaki ukingoni. Kampuni imejibu leo kwamba inaukubali ukuta. Mfuko unataka ripoti yenye idadi ya waliohudhuria. Hakuna aliyehesabu, nitaandika chakula kilichopikwa.

Rekodi ziko kwenye simu tano za watu watano. Mmoja wao anaondoka kwenda dago kaskazi ikianza, na simu anakwenda nayo. Kikao kijacho ni mwezi 27 baada ya isha, bandani: nani atanunua diski ya kuhifadhia, ikae nyumba gani, na nani ataruhusiwa kusikiliza kisa cha nani bila ya kumwomba mwenyewe.